Mkanda wa Feni: Tuukague Kabla ya Safari

Gari linalokimbiza mgonjwa hospitali usiku laweza kukwama kwa sababu ya mkanda mmoja tu. Mkanda wa feni huzungusha alteneta, na katika magari mengi pampu ya maji pia. Ukikatika, betri haipati chaji na injini huchemka.

Basi kila wiki tuzime injini, tutoe ufunguo, tungoje ipoe. Tutazame kama mkanda una nyufa, nyuzi zilizochomoza au mafuta. Tuubonyeze katikati kwa kidole gumba: ukiingia kama sentimita 1, mara nyingi uko sawa. Ukilegea hupiga kelele. Ukikazwa mno huua beringi. Uliochakaa tuubadilishe, na wa akiba tuubebe garini. Taa ya betri ikiwaka njiani, tusimame mara moja.