Mwenye Kisima na Mwenye Lango la Soko



Kabla ya mwaka 2014, jirani yetu mmoja hapa Ruhuwiko, mama mjane mwenye umri mkubwa, alitumiwa na mwanawe fedha za matibabu kwa njia ya simu. Kijana alikuwa na laini ya mtandao mmoja, na mama ana laini ya mtandao mwingine. Fedha haikuingia katika simu ya mama. Kilichoingia ni ujumbe wenye tarakimu za siri, na tarakimu hizo hazikugeuka noti mpaka apatikane wakala wa mtandao ule aliotumia kijana. Tulifuatana naye. Wakala wa kwanza hakuwa na fedha taslimu, wa pili alikuwa amefunga, na wa tatu tulimpata Songea mjini jua likiwa limekwishatua. Dawa ilinunuliwa kesho yake. Makato ya kutuma kwa njia hiyo nayo yalikuwa makubwa kuliko ya kutumiana ndani ya mtandao mmoja.

Wengi wetu tulidhani kuwa hayo ni maumbile ya simu, kwamba mitambo ya kampuni mbili haiwezi kusemezana. La hasha. Kupiga simu kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine kulikuwa jambo la kawaida kwa miaka mingi. Kilichozuia fedha ni ua ambao kila kampuni iliuzungushia wateja wake. Ndiyo maana watu wa zama zile walitembea na laini mbili au tatu mfukoni, na kila aliyetaka kumsaidia mzazi wake aliuliza kwanza, "Una laini gani?"

M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na mwaka 2008 ikaletwa Tanzania na Vodacom. Wengine wakafuata. Mwaka 2014 kampuni za Tigo (ambayo tangu 2024 inaitwa Yas), Airtel na Zantel zilikubaliana kuziacha fedha zivuke kutoka kwa moja kwenda kwa nyingine. Vodacom, iliyokuwa na wateja wengi zaidi wa huduma hiyo, ilijiunga mwaka 2016. Sisi tunaona sababu ya kuchelewa huko haiko mbali: ua humfaa zaidi yule mwenye mifugo mingi ndani yake. Hata hivyo tuseme haki, kwani hapa kwetu kampuni zilikaa kitako zikapatana bila kuburuzwa mahakamani, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za mwanzo barani Afrika kufikia hatua hiyo. Baadaye Benki Kuu ikajenga mfumo wake wa malipo ya papo kwa papo, uitwao TIPS, unaokutanisha mabenki na mitandao ya simu mahali pamoja.

Kwa jirani zetu mambo hayakwenda kwa upole huo. Nchini Kenya, wakala wa Safaricom alifungwa kwa mkataba asihudumie mtandao mwingine. Airtel ikapeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani, na sharti hilo likaondolewa mwaka 2014. Uganda ndiko kulikokuwa na kesi nzito zaidi. Kampuni changa ya EzeeMoney ililalamika kuwa MTN imeiwekea vizuizi, ikiwamo kuwatisha mawakala wasifanye nayo kazi. Mwaka 2015 Mahakama Kuu, Kitengo cha Biashara, iliipa EzeeMoney ushindi na fidia ya takriban shilingi bilioni 2.3 za Uganda. Mdogo alimshitaki mkubwa, akasikilizwa.

Tumeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu vijana wetu wametuuliza kuhusu ugomvi wa Apple na Google, wakidhani ni habari za mbali. Ni ugomvi uleule. Mwenye simu ya Apple, karibu kote duniani, hupata programu zake kupitia duka moja tu, nalo ni la Apple. Mwenye kutunga programu akiuza kitu ndani yake, Apple ilizoea kukata hadi asilimia 30. Agosti 2020 kampuni ya Epic Games, yenye mchezo wa Fortnite, ilifungua njia yake ya malipo ndani ya mchezo huo. Ikafukuzwa dukani, nayo ikaenda mahakamani. Mwaka 2021 jaji wa California hakuona kuwa imethibitika Apple ni mhodhi wa soko, lakini aliiamuru isiwazuie watunzi kuwaonyesha wateja njia nyingine ya kulipa. Apple ikaweka njia hiyo, kisha ikadai hadi asilimia 27 ya mauzo yaliyofanyika nje ya duka lake! Aprili 2025 jaji yuleyule akasema amri yake imevunjwa kwa makusudi. Google nayo, ambayo duka lake ndilo lililo katika simu nyingi tunazoziona Songea, ilishindwa na Epic mbele ya jopo la raia mwezi Desemba 2023.

Je, fiqhi inasema nini? Kuna makatazo mawili mashuhuri. La kwanza ni ihtikari, yaani kuhodhi bidhaa watu wakiihitaji ili bei ipande. Katika madhehebu yetu ya Shafi, hukumu hiyo hufungwa kwenye chakula, na hatutaki kumficha msomaji jambo hilo. Lakini Abu Yusuf, mwanafunzi wa Abu Hanifa, aliona kuwa kila kitu ambacho kuzuiwa kwake kunawadhuru watu kinaingia humo, hata kikiwa nguo au dhahabu. Katika suala hili tunaelemea kwake, kwani mjane wetu hakuzuiliwa mahindi, alizuiliwa njia ya kuifikia haki yake. La pili ni kuupokea msafara njiani kabla haujafika sokoni na kujua bei. Mkulima wa Ruvuma halihitaji maelezo hayo. Anamjua dalali anayemfuata shambani, akamwekea bei na gunia la lumbesa kabla hajajua mjini mahindi yanauzwaje. Mwenye kusimama baina ya muuzaji na soko amepewa nguvu, na nguvu hiyo ndiyo Mtume (SAW) aliyoitilia mpaka.

Mfano ulio karibu zaidi ni kisima cha Ruma, Madina. Mwenyewe alikuwa akiwauzia watu maji. Katika baadhi ya mapokezi, Uthman bin Affan (RA) alinunua kwanza nusu ya kisima, ikawa siku moja yake na siku moja ya mwenzake. Katika siku ya Uthman watu waliteka bure maji ya siku mbili, na mwenzake akabaki bila mteja, hata akaiuza nusu iliyosalia. Kisima hakikuporwa wala mwenyewe hakupigwa. Palifunguliwa mlango wa pili tu.

Hatusemi kuwa mjenzi wa duka asilipwe. Apple wanatoa hoja kwamba lango lao huchuja programu za wezi, na mzazi yeyote aliyewahi kumpa mtoto simu anaijua thamani ya mchujo huo. Ujira wa ulinzi ni halali. Tunachokitilia shaka ni kumtoza mtu aliyeuza nje ya lango, kwa kazi ambayo mlinzi hakuifanya. Wallahu aalam.

Juma lililopita tulimpitia wakala wetu wa hapa Ruhuwiko. Mezani ana simu nne, na kila moja ina floti yake. Fedha za wateja zinavuka mitandao bila shida, ila floti ya mtandao mmoja ikimwishia, mteja wa mtandao huo anayetaka kuweka fedha hawezi kumhudumia mpaka aijaze upya, ingawa simu tatu za jirani zimejaa. Tukiwa tumesimama pale alikuja binti mwenye fedha za ada ya mdogo wake. Wakala aliitazama simu ya pili, akatikisa kichwa, akamwelekeza kwa mwenzake aliye ng'ambo ya barabara.