Hesabu Siku Kabla ya Kwenda Kilindoni



Mvuvi haendi baharini bila kuuangalia mwezi. Hujua kama ni bamvua au maji mafu. Safari ya kwenda ofisini nayo inataka hesabu. Ukifika Kilindoni, makao makuu ya wilaya yetu ya Mafia, katika siku ya mapumziko, utakuta mlango umefungwa. Utakuwa umepoteza nauli na siku ya kazi.

Kwa kawaida ofisi za serikali hufunguliwa Jumatatu hadi Ijumaa, kuanzia saa 1:30 asubuhi mpaka saa 9:30 alasiri. Jumamosi na Jumapili hufungwa. Hufungwa pia katika sikukuu zilizowekwa na sheria. Sikukuu hizo ni za namna mbili.

SIKUKUU ZENYE TAREHE YAKE

Hizi ni 11, na tarehe zake hazibadiliki:

Januari 1: Mwaka Mpya.
Januari 12: Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964.
Aprili 7: Kumbukumbu ya Mzee Karume, aliyeuawa mwaka 1972.
Aprili 26: Muungano wa Tanganyika na Zanzibar wa mwaka 1964.
Mei 1: Siku ya Wafanyakazi.
Julai 7: Saba Saba. TANU ilizaliwa siku hiyo mwaka 1954.
Agosti 8: Nane Nane, siku ya wakulima.
Oktoba 14: Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, aliyefariki mwaka 1999.
Desemba 9: Uhuru wa mwaka 1961.
Desemba 25 na 26: Krismasi na siku inayofuata.

SIKUKUU ZINAZOHAMA

Pasaka huhama kila mwaka. Ofisi hufungwa tangu Ijumaa Kuu mpaka Jumatatu ya Pasaka. Hizo ni siku nne mfululizo.

Sikukuu za Kiislamu hufuata mwezi. Idd el Fitri ni mwezi mosi, Mfungo Mosi. Watumishi hupumzika siku mbili. Idd el Haji ni mwezi 10, Mfungo Tatu. Maulidi ni mwezi 12, Mfungo Sita. Katika kalenda ya ofisi, sikukuu hizi huja mapema kwa siku kama 11 kila mwaka.

Rais naye anaweza kutangaza siku nyingine. Agosti 23, 2022 ilikuwa mapumziko kwa ajili ya sensa.

TUTAZAME MFANO

Mwaka 2024 Ijumaa Kuu ilikuwa Machi 29. Idd el Fitri ikawa Aprili 10, na mapumziko yakaendelea Aprili 11. Hesabu tangu Machi 29 mpaka Aprili 11. Utapata siku 14. Ukiondoa sikukuu, Jumamosi na Jumapili, ofisi zilikuwa wazi siku 6 tu. Mtu aliyengoja mpaka siku ya mwisho kupeleka karatasi zake aliweza kuchelewa kabisa.

SI WOTE WANAOPUMZIKA

Mgonjwa wa dharura au mama mwenye uchungu asingoje sikukuu ipite. Apelekwe hospitali mara moja. Wauguzi na polisi hufanya kazi kwa zamu hata siku ya Idd.

Nawe uliyeajiriwa, ujue haki yako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema kwamba mfanyakazi akifanya kazi siku ya sikukuu, alipwe mara mbili ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa.

UFANYE NINI?

Tundika kalenda nyumbani. Zungushia sikukuu kwa kalamu. Sikiliza redio mwezi unapokaribia kuandama. Muulize afisa mtendaji wa kijiji kabla hujaondoka. Na karatasi yenye tarehe ya mwisho, ipeleke mapema.

MASWALI

1. Sikukuu gani zinahama? Kwa nini?
2. Tazama kalenda ya mwezi huu. Ofisi zitakuwa wazi siku ngapi?