Upepo wa kusini, ndagala na miezi mitatu ya kufunga ziwa

Kila mwaka, mwezi wa tano unapofika katikati, swali moja hurudi katika makanisa yetu ya Uvira, Baraka, Kalemie na Moba: kwa nini ziwa linafungwa wakati huu hasa? Mvua zimekwisha, mchanga umekauka, jua la kuanikia samaki lipo, na watoto wanadaiwa malipo ya mitihani ya mwisho wa mwaka. Ndipo tunaambiwa mitumbwi ikae pwani hadi 15 mwezi wa nane. Wavuvi wanauliza, mama wauzaji wanauliza, na sisi wachungaji tunaulizwa pia. Swali ni la haki. Ili kulijibu inatupasa kwanza kufahamu kile ambacho baridi ya kiangazi inafanya ndani ya maji.

Ziwa lenye maji ya aina mbili

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi, na mahali penye kina kikubwa linashuka karibu mita 1,470. Duniani ni Baikal peke yake inayolipita kwa kina. Nchi nne zinaligawana: Kongo yetu ina sehemu kubwa kuliko zote, kama 45 kwa mia, kisha Tanzania, Burundi na Zambia.

Lakini samaki hawaishi katika kina hicho chote. Maji ya juu yana joto na yana hewa ya kupumua. Maji ya chini ni baridi kidogo, mazito zaidi, na hayana hewa hiyo. Tofauti ya joto kati yao ni nyuzi chache tu, lakini inatosha kuyazuia yasichanganyike, kama mafuta yanavyokaa juu ya maji. Kila kinachokufa huko juu, mimea, wadudu wa majini, samaki, kinazama na kuoza kule chini. Basi mbolea ya ziwa inalala gizani, na mimea midogo inayoihitaji iko juu kwenye mwanga. Kama hakuna kinachoipandisha, ziwa linabaki safi kwa macho lakini lenye njaa.

Upepo ndio jembe

Kinachoipandisha ni upepo. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa, upepo wa kusini unavuma kwa nguvu kwenye urefu wote wa ziwa. Unasukuma maji ya juu yenye joto kwenda kaskazini, upande wa Uvira na Bujumbura. Kule kusini, upande wa Mpulungu nchini Zambia, maji baridi ya chini hupanda kujaza nafasi iliyoachwa, na yanapanda na mbolea yake. Usiku wenye baridi nao husaidia, kwa sababu maji ya juu yakipoa huwa mazito na kuchanganyika kwa urahisi zaidi.

Upepo unapopungua, mwezi wa tisa au wa kumi, ziwa linafanya kama maji ndani ya beseni lililoinamishwa kisha likaachwa: yanarudi na kuyumba huku na huku kwa muda. Katika kuyumba huko, upande wa kaskazini nao hupata sehemu yake ya maji ya chini. Kwa hiyo mvuvi wa Uvira anakula matunda ya upepo uliovuma miezi iliyopita, mbali na pwani yake.

Mbolea ikifika kwenye mwanga, mimea isiyoonekana kwa macho inaongezeka. Wadudu wadogo wa majini wanaila. Ndagala wanawala wadudu hao. Mikeke, ambao wengine wetu huwaita mikebuka, wanawafuata ndagala. Mkeke ni jamaa ya sangala, na akiwa mkubwa ndagala ndio chakula chake kikuu. Hata sambaza wanaoliwa Bukavu na Goma wana asili hiyo hiyo: mbegu yao ilitolewa Tanganyika na kupandwa Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950.

Kwa nini kupumzisha

Nchi nne za ziwa zilifanya mkataba wa pamoja mwaka 2003, na baadaye zikakubaliana kufunga uvuvi kuanzia 15 mwezi wa tano hadi 15 mwezi wa nane. Lengo ni samaki wazaliane na kukua. Tukiziweka tarehe hizo juu ya kalenda ya upepo, tunaona zinaangukia ndani ya miezi ambayo ziwa linalimwa na kulishwa.

Kuna sababu nyingine ya kutopuuza jambo hili. Mwaka 2003 watafiti walionyesha kwamba maji ya juu ya Tanganyika yamezidi kupata joto. Joto hilo linafanya maji ya juu na ya chini yazidi kukataa kuchanganyika, hata upepo ukivuma. Walikadiria kwamba uzalishaji wa ile mimea midogo ulipungua karibu 20 kwa mia, na kwamba mavuno ya samaki yangeweza kupungua karibu 30 kwa mia. Maana yake ni kwamba jembe linaingia kidogo zaidi kuliko zamani, na nyavu pamoja na taa zimeongezeka.

Tuseme pia ukweli wote. Ndagala ana maisha mafupi, hafiki miaka miwili, kwa hiyo miezi mitatu ni kitu kikubwa kwake. Mkeke anakawia zaidi kabla ya kuzaa. Tukifungua ziwa mwezi wa nane na kuingia na nyavu za matundu madogo, au chandarua cha mbu kilichokokotwa kando ya pwani, tunawachukua watoto wa mikeke kabla hawajazaa hata mara moja. Kufunga bila nyavu halali ni kulima na kisha kung'oa miche.

Mzigo unamwangukia nani

Mvuvi wa mtumbwi wa taa hana mshahara. Anapata fungu lake kwa kilichovuliwa usiku huo. Amezoea kupumzika siku za mwezi mpevu, ambapo taa haiwavuti samaki, lakini siku chache si miezi mitatu. Nyuma yake wako mama anayenunua kwa deni, mshona nyavu, fundi wa mitumbwi, na kijana anayebeba mabeseni. Anayetii analala na njaa, akiona wenzake wanatoka usiku kwa siri na kupita kwa kutoa chochote. Amri inayomlemea mtii na kumwacha mwenye fedha haitadumu.

Sheria ya Musa, katika Kutoka 23, inaagiza shamba liachwe mwaka wa saba, na papo hapo inasema maskini wa watu wapate kula. Pumziko la shamba na chakula cha maskini viko katika agizo moja. Hatuna ruhusa ya kuhubiri nusu yake.

Yanayowezekana katika parokia zetu

Kwanza, makundi ya AVEC. Mengi hugawana akiba karibu na Noeli. Kikundi cha wavuvi kinaweza kupanga mzunguko wake uishe katikati ya mwezi wa tano, fedha ipatikane wakati nyavu zinapoanikwa.

Pili, chanja za kuanikia. Mvua za mwezi wa tatu na wa nne huharibu ndagala wengi walioanikwa chini mchangani. Chanja iliyoinuliwa, ya kufunikwa haraka, huokoa mzigo wa kuuza ziwa likiwa limefungwa.

Tatu, bustani. Kiangazi ni wakati wa mboga mabondeni penye maji. Wenye ardhi katika kanisa waazime jirani mvuvi kipande kwa msimu mmoja.

Nne, sauti. Wachungaji na wazee waende pamoja na kamati za wavuvi kwa wakubwa wa eneo, mapema, mwezi wa pili au wa tatu, waombe mambo matatu: tarehe itangazwe kwa wakati, msaada wa chakula uandaliwe, na sheria iwe moja kwa mwenye mtumbwi mmoja na mwenye kumi.

Upepo wa kusini utavuma tena mwaka huu bila kutuomba ruhusa. Kazi iliyobaki ni yetu: samaki wapate muda wa kukua, na anayewangoja apate cha kupika jioni.