Mchezaji wa Teatro, je, ni Mwongo?

Wagiriki wa kale walimwita mchezaji wa teatro hypokrites, na kwa neno hilohilo Injili ya Kigiriki inataja wanafiki. Basi twauliza: mwenye kulia machozi ya mtu mwingine, je, anadanganya?

Diderot, Mfransa, alijibu katika kitabu kilichotolewa mwaka 1830, nyuma ya kufa kwake. Alisema: mchezaji hodari hasikii huzuni ile, anaionyesha kwa akili tulivu. Akiisikia kweli, leo atacheza vizuri, kesho vibaya.

Stanislavski, aliyeanzisha teatro moja ya Moscow pamoja na mwenzake mwaka 1898, alishika njia nyingine. Mchezaji ajiulize: kama ningekuwa katika hali hii, ningefanya nini? Asitafute machozi, bali atafute jambo ambalo mtu yule analitaka. Akilitenda kweli, moyo utafuata.

Brecht, Mjerumani, alitaka mchezaji amwonyeshe mtu sawa shahidi anayesimulia mambo aliyoyaona njiani, ili wenye kutazama wahukumu. Mwaka 1949, mjini Berlin, mke wake Helene Weigel alicheza mama anayesikia bunduki zinazomwua mwanawe. Alifungua kinywa wazi, wala hakutoa sauti. Neno halikuwako, lakini maana ilikuwako.

Hao watatu hawapatani juu ya moyo wa mchezaji. Hata hivyo, tunaona tofauti yake na mnafiki. Mnafiki anaficha mchezo wake ili tumsadiki. Mchezaji anacheza mbele yetu, nasi twajua. Na kwa mchezo huo anatufumbua macho tumwone mtu jinsi alivyo.