Matumizi Mazuri ya Muda: Orodha ya Kazi za Siku

Katika toleo hili tunaeleza namna ya kupanga kazi za siku, kwa ajili ya watendaji wa miradi, wainjilisti na viongozi wa vikundi.

Muda ni mali ya mradi kama zilivyo fedha na pikipiki. Tofauti ni kwamba saa iliyopita hairudi. Taarifa ya robo mwaka ikichelewa, fedha za awamu inayofuata nazo huchelewa, na mbegu zilizopaswa kufika kabla ya mvua humfikia mkulima wakati wenzake wanapalilia. Anayeumia ni mjane aliyekuwa akiisubiri mbegu hiyo.

1. Tenganisha ya haraka na ya muhimu
Mwaka 1954 Rais Dwight Eisenhower wa Marekani, akihutubia Mkutano Mkuu wa pili wa Baraza la Makanisa Ulimwenguni mjini Evanston, alieleza kuwa matatizo ni ya aina mbili: ya haraka na ya muhimu. Simu inayolia ni ya haraka. Kuifuatilia kamati ya maji ambayo haijakutana kwa miezi 3 hakuna anayekuhimiza; lakini pampu ikiharibika huku mfuko wa matengenezo ni mtupu, kijiji kizima kitarudi kuchota maji mtoni.

2. Andika orodha jioni
Kabla ya kufunga ofisi, andika kwenye daftari kazi za kesho, zisizozidi 6. Andika tendo, si mada. "VICOBA" si kazi. "Kukagua daftari la hisa la kikundi cha akina mama" ni kazi. Anza na ile ngumu, na za kompyuta zifanye wakati umeme upo.

3. Acha nafasi
Ikiwa siku yako ina saa 8 za kazi, panga saa 5 tu. Misiba, wageni na barabara mbovu vitachukua zilizobaki. Anayepiga hodi akiwa na shida si usumbufu. Kwa ajili yake idara zetu zipo. Orodha iliyojaa mno humfanya mtumishi amwone jirani kuwa kero.

4. Gawa kazi
Katika Kutoka 18, Yethro alimkuta mkwewe Musa akiamua mashauri ya watu tangu asubuhi hata jioni. Alimshauri achague watu waaminifu wa kumsaidia, na yeye aletewe yaliyo magumu tu. Kadhalika, kikundi chenye katibu hakina haja ya kumsubiri mratibu aandike muhtasari wa kikao.

5. Pitia orodha
Jioni weka alama kwenye kazi zilizokamilika, na zilizobaki zihamishie kesho. Kazi iliyohamishwa mara 3 inadai uamuzi: igawe vipande, mpe mwingine, au ifute.

Tunawashauri mjaribu utaratibu huu kwa wiki 2, kisha mjadiliane katika vikao vyenu. Wahenga walisema wakati ni ukuta. Tukiupanga vema, wanaotutegemea watahudumiwa kwa wakati.