Wanafunzi wa umeme wafundishwe maana, si fomula tupu

Jioni moja mpwa wangu, aliyekuwa mwaka wa pili katika shahada ya uhandisi wa umeme, alibisha hodi kwangu akiwa na uso wa mtu aliyefiwa. Alikuwa ameanguka mtihani wa uchanganuzi wa sakiti za mkondo geu, na tayari alikuwa amekata shauri kuuacha uhandisi.

"Mjomba," akaniambia, "mimi si wa masomo haya. Fomula zote nimezimeza, lakini swali likigeuzwa kidogo tu, nabaki kuikodolea macho karatasi."

Mimi ni mwanaisimu. Elimu yangu ya umeme ilikomea katika fizikia ya kidato cha nne, na nisingeweza kumkokotolea hata swali moja. Hata hivyo, nilimwomba jambo ambalo mwalimu yeyote wa lugha angeliomba: anieleze kwa maneno yake mwenyewe, kwa Kiswahili, huo mkondo geu ni kitu gani. Kijana aliyeweza kujaza kurasa mbili kwa hesabu alinyamaza. Kisha akaanza kunitajia herufi zilizomo katika fomula. Nikamkatiza. Sikuwa nimeuliza herufi. Nilikuwa nimeuliza maana.

Msomaji mpendwa, kimya kile ndicho kilichonisukuma kuandika makala haya. Nathubutu kusema kwamba sehemu kubwa ya ugumu unaosingiziwa somo hili haitokani na umeme wala hesabu. Inatokana na mazoea yetu ya kumruhusu mwanafunzi akokotoe kitu asichoweza kukisimulia. Aidha, Kiswahili, ambacho katika kumbi za mihadhara ya uhandisi hudhaniwa kuwa lugha ya mkahawani, kinaweza kabisa kuubeba mzigo huo.

Hebu tulitazame jambo lenyewe. Umeme wa betri husukuma upande mmoja tu. Umeme unaoingia majumbani mwetu nchini Kenya husukuma na kuvuta, na hukamilisha mizunguko 50 kila sekunde. Yaani mzunguko mmoja huchukua milisekunde 20. Volti 240 tunazozitaja ni kipimo cha uwezo wake wa kupasha joto ukilinganishwa na umeme wa betri. Kwa hakika volteji hupanda hadi kilele cha volti 339 hivi, ikashuka hadi sufuri, ikazama upande wa pili kwa kiasi kicho hicho, kisha ikarejea.

Sakiti ikiwa na rezista peke yake, hakuna fumbo: volteji na mkondo hupanda pamoja na kushuka pamoja. Fumbo huanza pale koili inapoingia. Nilimwomba mpwa wangu afikirie mkokoteni uliosheheni magunia ya viazi. Ukiusukuma, hauondoki papo hapo. Nguvu hutangulia, mwendo ukafuata. Ukitaka kuurudisha nyuma, bado utaendelea mbele kidogo kabla ya kukutii. Koili ina tabia hiyo hiyo: volteji hufika kileleni, mkondo ukafuata robo ya mzunguko baadaye, yaani milisekunde 5. Kapasita nayo ni kama pipa la maji. Lazima maji yatiririke kwanza ndipo kina kipande. Na kina kinapofika juu kabisa, mtiririko umekwisha. Hapa mkondo ndio unaotangulia, volteji ikafuata.

Tazama kiambishi kilichonisaidia katika maelezo hayo. Kila mwanafunzi wa sarufi anajua kwamba -ka- huonyesha tendo linalofuata tendo jingine. Uchanganuzi wa mkondo geu, ukiuvua mavazi yake ya hesabu, ni elimu ya nini kimetangulia na nini kikafuata. Lugha yetu ina silabi moja iliyoumbwa kwa kazi hiyo hasa, nasi tumeiacha mlangoni mwa maabara.

Kuna jambo la pili lililokuwa likimkera kijana. Chukua rezista na koili isiyo na ukinzani wake yenyewe, uziunganishe moja baada ya nyingine kwenye umeme wa volti 240. Inawezekana kabisa mita ikakuonyesha volti 144 kwenye rezista na volti 192 kwenye koili. Ukijumlisha kwa hesabu ya sokoni, unapata 336. Volti 96 za ziada zimetoka wapi? Mpwa wangu alijua fomula ya kulipatia jibu, lakini moyoni aliamini kwamba ni kiinimacho. Nikamwambia: toka nyumbani, utembee hatua 144 kuelekea mashariki, kisha hatua 192 kuelekea kaskazini. Umetembea hatua 336, sivyo? Lakini uko umbali gani na mlango wako? Akapiga hesabu, akacheka. Hatua 240. Volteji hizo mbili hazifiki kileleni kwa wakati mmoja. Mojawapo imegeukia upande mwingine, kwa hiyo hazijumlishwi kana kwamba zimo katika mstari mmoja.

Sasa hata ile herufi ya jei, inayowatoa jasho wanafunzi wengi, ikapata maana. Vitabu huiita mzizi wa hasi moja na kuiweka katika kundi la namba ambazo Mfaransa Descartes alizipa mnamo 1637 jina la namba za kuwazika tu. Jina hilo limewapotosha wanafunzi kizazi baada ya kizazi, maana nani atashughulika na kitu cha kuwazika tu? Lakini kila mtoto aliyewahi kusimama gwaride shuleni anaijua jei. Ni amri ya "Kushoto, geuka!" Ipige mara moja, umegeuka digrii 90. Ipige mara ya pili, unaelekea nyuma kabisa. Kuelekea nyuma ndiko kuwa hasi moja. Mkondo geu, basi, wahesabiwa kwa amri ya kugeuka.

Wapo watakaosema kwamba uhandisi ulizaliwa na maneno yake ya Kiingereza, nasi hatuna budi kuyapokea yalivyo. Historia haikubaliani nao. Neno tunalolitamka impidansi halikuwapo katika fizikia hadi Oliver Heaviside alipolibuni mwaka 1886 kutokana na kitenzi cha kawaida chenye maana ya kuzuia. Heaviside alikuwa Mwingereza aliyeacha shule akiwa na umri wa miaka 16, wala hakusomea chuo kikuu chochote. Naye Charles Steinmetz, mzaliwa wa Breslau aliyelelewa katika lugha ya Kijerumani, aliwasili Marekani mwaka 1889. Miaka minne tu baadaye, katika kongamano la Chicago la mwaka 1893, aliwaonyesha wahandisi jinsi milinganyo mirefu ya kalkulasi inavyoweza kugeuzwa kuwa aljebra nyepesi kwa kutumia hizo namba za kugeuka. Watu hawa hawakurithi lugha ya umeme. Waliiunda walipoihitaji.

Na hili si suala la kupita mtihani tu. Mota za viwandani zina koili. Koili huchota nishati na kuirudisha, huchota na kuirudisha, na ingawa mkondo huo wa ziada haufanyi kazi yoyote, nyaya na transfoma lazima ziubebe. Ndiyo maana wateja wakubwa wa viwandani nchini hutozwa pia kwa kipimo cha kVA, wala si kwa uniti za nishati pekee. Mhandisi anayeelewa kwamba koili huchelewesha mkondo ilhali kapasita huutanguliza, ataweka kapasita karibu na mota ili vifaa hivyo vikopeshane vyenyewe kwa vyenyewe. Asiyeelewa atakiachia kiwanda kilipe. Tena kapasita huweza kubaki na chaji hata baada ya swichi kuzimwa, na fundi anayeigusa akidhani imekufa anaweza kufa yeye.

Sisemi vitabu vya Kiingereza vichomwe moto. Mpwa wangu atafanya kazi na watu wa mataifa mengi, na Kiingereza atakihitaji. Ninachosema ni kwamba aliyeelewa jambo kwa lugha moja hupungukiwa na msamiati tu katika lugha nyingine, ilhali asiyeelewa kwa lugha yoyote amepungukiwa na kila kitu. Katiba yetu ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Sioni kwa nini urasmi huo ukome mlangoni mwa kitivo cha uhandisi.

Nawasihi wahadhiri wa uhandisi waanze na jambo dogo lisilohitaji bajeti. Kabla mwanafunzi hajaruhusiwa kukokotoa sakiti, atamke kwa maneno, kwa lugha aimudu vyema, kipi kitatangulia na kipi kitafuata. Na katika kila mtihani liwepo walau swali moja lisilo na namba hata moja.

Nasi wanaisimu tusijitie hamnazo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka 1990, na kazi za aina hiyo zinastahili pongezi. Lakini mara nyingi tumebuni istilahi tukiwa tumeketi ofisini, bila kuishika koili wala kumsikiliza mwanafunzi anayehangaika nayo, kisha tukashangaa kwa nini hazitumiwi. Istilahi isiyotamkwa darasani ni mbegu iliyosahauliwa ghalani.

Mpwa wangu aliukalia mtihani wa marudio. Hakuzoa alama za kutangaziwa kijiji. Alipita, akaendelea na masomo yake. Najua kisa kimoja si utafiti, na huenda angalipita hata bila mimi. Lakini siku aliponiletea habari alinieleza, bila kuombwa, kwa nini taa ya tyubu ya zamani ilihitaji koili ili iwake. Alieleza kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho, na mimi niliyekomea kidato cha nne nikaelewa.