Kwa Nini Dawa Inayoponya Wengi Humdhuru Mmoja?

Penisilini ni dawa nzuri. Iligunduliwa na Alexander Fleming huko London mwaka 1928. Tangu hapo imeokoa watu wengi sana. Lakini wapo wenzetu wachache ambao wakipewa dawa hii, au ndugu yake amoksilini, hutokwa na upele mwili mzima. Wengine husema wamerogwa. Wengine husema dawa ilikuwa mbovu. Sivyo. Huo ni mzio, au aleji kama wengi tunavyosema. Je, unatokeaje? Hebu tuone.

WALINZI WA MWILI

Katika damu yetu kuna chembe nyeupe. Kazi yake ni ulinzi. Baadhi yake huitwa chembe T. Hizi hukomaa katika tezi iliyo kifuani, nyuma ya mfupa wa kidari. Humo hujifunza kutofautisha kilicho chetu na kilicho kigeni.

Chembe nyingine za mwili huweka nje vipande vidogo vya protini, kama mtu anayeonyesha kadi yake mlangoni. Chembe T hupita zikikagua. Kipande kikiwa cha mwili wenyewe, hupita tu. Kikiwa cha kijidudu, basi mbiu inalia na vita inaanza.

Sasa, penisilini ina tabia ya kunata kwenye protini zetu. Septrin nayo hubadilishwa kwanza na ini, halafu huweza kunata vile vile. Ni kama mwanakijiji aliyejifunika ngozi ya chui usiku. Mgambo hawamwoni jirani yao. Wanaona chui! Ndivyo chembe T zinavyoona kipande chenye dawa. Zinadhani ni adui, zinashambulia mwili wenyewe, na upele unatoka.

Mbona mimi nadhurika na jirani yangu hadhuriki? Sababu moja ni kwamba vile vishikio vinavyoonyesha vipande tumevirithi kwa wazazi, na havifanani kwa watu wote.

WALINZI HAWASAHAU

Mara ya kwanza chembe T huhitaji siku kadhaa kujifunza. Kwa hiyo upele huweza kutoka baada ya wiki moja hivi, hata vidonge vikiwa vimekwisha. Lakini nyingine hubaki na kumbukumbu kwa miaka. Ukimeza tena dawa ile ile, upele huweza kurudi baada ya siku moja au mbili tu.

Upo pia mzio wa haraka, ambao hauletwi na chembe T bali na kinga nyingine. Huo huja kwa dakika chache: midomo huvimba, pumzi hubana, mtu huzirai. Unaua. Mkimbizeni mgonjwa hospitali mara moja.

TUFANYE NINI?

Si kila upele ni mzio. Mtoto mwenye surua ana upele wa ugonjwa wenyewe. Kuharisha kidogo pia si mzio. Basi tusijihukumu wenyewe. Twende zahanati tukapimwe.

Lakini ukiona malengelenge, ngozi inabanduka, vidonda mdomoni au macho mekundu yanayouma, usimeze tena hata kidonge kimoja. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na uchukue dawa zako mkononi.

Mganga akithibitisha mzio, mwombe akuandikie jina la dawa. Kusema "vile vidonge vyeupe" hakusaidii, maana vidonge vyeupe ni vingi. Liandike jina hilo kwenye daftari lako la kliniki. Wasomee watu wa nyumbani walijue, maana siku utakapozidiwa wao ndio watakaokusemea. Na kila unapopewa dawa, soma kwanza jina lake kwenye pakiti.

Zamani wengi wetu tusingeweza kufanya hivyo. Leo tunajua kusoma na kuandika. Tuitumie elimu hiyo kulinda uhai wetu.